Shangazi Lazima Amwone

Askari aliyekuja kunikamata nilimcheza mwenyewe. Kwa wasiojua mambo ya kwetu: alipovunja ungo, wazazi wake wakikaa Dimani, mie ndiye niliyekuwa kungwi wake, somo yake. Nilimfunda, nikamwogesha, nikamtoa nje kwa vigelegele, na mama yake akalia kwa furaha. Sasa mtoto yule ana tepe tatu mkononi. Aliteremka kwenye gari pale uwanjani kwangu Mtawanya, nikiwa naanika muhogo juu ya turubai, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu! Leo umekumbuka kuja kunitazama?" Nikawa nageuka kutafuta mkeka.

"Sikuja kukutazama, somo. Nimekuja kukuchukua."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikadhani kuna mgonjwa, au harusi. Kisha nikamwona mtendaji wa kijiji anashuka upande wa pili wa gari, ananitazama miguu badala ya uso, na kile kicheko kikanikauka.

Akanisomea namba ya simu kutoka kwenye karatasi. Nikasema naam, laini hiyo nimesajili mimi kwa kidole changu. Akasema natuhumiwa kuchapisha picha za ngono za mtoto kwa kutumia mfumo wa kompyuta.

"Kompyuta?" nikamwuliza. "Mie? Kompyuta nimeiona mara moja tu maishani, ofisi ya kata, tena imefunikwa kitambaa."

"Simu nayo ni kompyuta mbele ya sheria, somo."

Lile neno ngono ndilo lililochelewa kuniingia. Lilipoingia nilitupa ungo wa muhogo chini. Mie nina hasira za karibu, watu wote wa kitongoji wanajua, na siku ile nilimtukana askari mbele ya mtendaji kwa maneno ambayo kungwi hayasemi nje ya nyumba ya kufundia wali. Miaka thelathini nafunda mabinti za watu wajitunze miili yao, halafu mtu anakuja uwanjani kwangu mchana kweupe ananitamkia ngono ya mtoto! Yeye akaokota ungo, akauweka juu ya turubai. Kisha akasema, "Vaa baibui, somo. Chukua na dawa zako za presha." Nikaenda kuvaa.

Sasa nieleze lilivyoanza.

Mdogo wangu wa kike, wa mwisho, niliyezaliwa naye tumbo moja, ana binti. Mwaka wa mvua zile kubwa binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, akavunja ungo, tukamweka ndani. Baba yake alikwisha kufariki. Na kwetu mwali hatoki nje mpaka upande wa baba wamwone. Siku ya kuogeshwa, shangazi mtu anaingia ndani, anamtazama mwali mbele na nyuma, anaridhika kwamba mtoto wa kaka yake katunzwa, hana kidonda wala kovu la kipigo, ndipo anasema, "Haya, mtoeni." Kama baba yupo hai, shangazi anaweza kutuma mwakilishi. Baba akiwa kafa, hapana. Shangazi lazima amwone kwa macho yake, maana yeye ndiye baba.

Shangazi mwenyewe kaolewa Kilwa. Na mvua zilikuwa zimekata barabara, maji yamesomba daraja, mabasi yamelala upande huu na upande ule. Tulisubiri siku tano. Ngoma ishaalikwa, mchele ushapetwa, shule inakaribia kufunguliwa. Mdogo wangu analia kila saa, mtoto atatokaje. Nikampigia wifi yake, yaani huyo shangazi mwenyewe, nikamwambia tumtoe, utamwona daraja likitengenezwa. Akaja juu! Akasema akitolewa bila yeye kumwona, mtoto huyo si wa ukoo wao tena.

Basi mie ndiye niliyesema. Wala si mdogo wangu, wala si wifi. Nilisema, "Si kuna simu hizi za kupangusa? Amwone humo."

Tulijaribu kupiga ya kuonana uso kwa uso, mtandao ukawa unakata, uso wa wifi unaganda mdomo wazi. Ndipo tukarekodi. Mdogo wangu alishika simu, mie nikawa namgeuza mwali, mbele na nyuma, kama shangazi mtu ambavyo angemgeuza. Ilikuwa siku ya kuogeshwa, na mwali siku ya kuogeshwa anakuwa anavyokuwa. Siongezi neno hapo. Tukamtumia wifi. Jioni ile ile akatuma sauti yake, anapiga vigelegele mpaka simu inakwaruza: "Nimemwona mwanangu! Mtoeni!" Tukamtoa. Kibiti nzima ilikuja, tukacheza mpaka vumbi likapanda, na nilijisikia mjanja kuliko makungwi wote waliopita kabla yangu, kwa kuwa nimeshinda mafuriko.

Hiyo laini ya mdogo wangu ilisajiliwa kwa kidole changu kwa kuwa yeye kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka. Mjini na kijijini watu wanafanya hivyo. Usiniulize kwa nini, wewe mwenyewe labda umefanya.

Kituoni nilikalishwa kwenye benchi, na yule binti yangu askari akakaa mbele yangu na faili. Alinieleza polepole, na kila alichosema kilikuwa kama ananimwagia maji ya barafu. Wifi hakumtumia mtu yeyote ile picha. Lakini mume wake alikuwa anajua namba ya siri ya simu yake. Aliichukua ile picha, akaikata vipande, akabandika maneno machafu na muziki, akaiuza kwenye makundi ya wanaume ambao kazi yao ni hiyo, kununua watoto kwa macho. Ikatembea. Ikafika Dar, ikafika mikoani, ikavuka mpaka. Siku moja mwalimu wa shule anayosoma yule mtoto akaletewa na mtu, akaitambua sura, akaenda polisi moja kwa moja.

"Wapo watu," nikauliza, "wananunua?"

"Wapo wengi, somo."

"Wananunua mtoto anaogeshwa?"

Akafungua ukurasa mwingine wa faili. Mie nimefunda wanawake mambo yote ya ndani, hakuna la chumbani linalonishtua, ndivyo nilivyokuwa najisifu. Siku ile niliinama nikatapika pembeni ya benchi, muhogo wote wa asubuhi. Askari akaja na mchanga akafukia mwenyewe, hakumwita mtu.

Mume wa wifi! Mtu mpole, mtu wa msikitini, akija msibani ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Alikwisha kukamatwa huko Kilwa siku mbili kabla yangu. Nikasema, basi mmempata mwenye kosa, mie naenda nyumbani kugeuza muhogo wangu.

"Hapana," akasema. "Yeye ana kosa lake. Lakini picha ilitengenezwa huku, na ikatumwa na laini yako. Kwenye sheria ya makosa ya mtandao, aliyetengeneza na aliyetuma naye anashtakiwa. Ukipatikana na hatia, ni faini isiyopungua milioni hamsini, au jela isiyopungua miaka saba, au vyote viwili."

"Isiyopungua?"

"Haipungui hapo, somo. Inaweza kuzidi."

Nilihesabu umri wangu na ile saba, nikaona nitakuja kutolewa mle ndani nikiwa nimebebwa.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalingojea. "Nani alishika simu?"

Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha. Mume wa pili alimwachia kachanga ka miezi minne na kwenda zake. Nikamtazama askari machoni, nikasema, "Mie. Nilishika mwenyewe, nikarekodi mwenyewe, nikatuma mwenyewe." Akaandika. Nililala mahabusu siku mbili nikijiona shujaa.

Nilipotoka kwa dhamana nilikuta ukoo mzima umekaa kikao kwa mdogo wangu. Kwetu jambo likiharibika watu wanakaa, wanaombana radhi, aliyekosa anatoa kanga na ubani, yanaisha. Upande wa wifi walikuja kwa pikipiki na mtumbwi, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa, na wifi mwenyewe alikuwa amekonda kiasi kwamba sikumtambua. Alijitupa miguuni pangu. Nikamwinua. Wote tulikuwa tumeumizwa na mtu mmoja, nitamfanya nini? Wazee wakasema wamesameheana, pande zote mbili, hakuna mwenye kinyongo. Wakaandika barua, watu kumi na moja wakaweka dole gumba, na asubuhi tukaenda nayo kituoni, tumevaa vizuri.

Askari wangu aliisoma yote. Akaikunja. "Nimefurahi mmesameheana," akasema. "Ila hii kesi si yenu."

Mzee mmoja wa upande wetu akapandisha sauti, "Si yetu vipi? Mtoto ni wa nani?"

"Mtoto ni wenu. Kesi ni ya Jamhuri. Mlalamikaji ni Jamhuri."

"Jamhuri imemzaa lini?" nikafoka mie. "Jamhuri ilikuwepo anaumwa surua?"

Watu walicheka kidogo, hata yeye alibana midomo. Lakini barua hakuipokea. Tukarudi nayo, imekunjwa vile vile. Nilikuwa sijawahi kuona jambo ambalo wazee wamekaa wakalimaliza, halafu likawa halijaisha.

Wakili nilipata wa msaada wa kisheria, bila malipo. Msichana mdogo, mtu wa Umwe, ana miwani na sauti ya chini. Nilipomwona nilijisemea moyoni, basi nimekwisha, hiki kitoto ndicho kitakachonitoa? Akafunga mlango wa kachumba kake hapo Kibiti, akasema, "Mama, nimesoma maelezo yako polisi. Unasema ulirekodi mwenyewe."

"Ndiyo."

Akanisukumia simu yake mezani. "Hebu nirekodi mimi hapa."

Loo! Niliishika ile simu. Niliipangusa huku, niliipangusa kule, ikawasha tochi. Nikaibonyeza, ikaanza kumpigia mtu, ikabidi ainyang'anye haraka aombe radhi kwa hakimu mmoja sijui wa wapi. Kisha akavua miwani akanitazama.

"Mama, mimi ni wakili wako. Kazi yangu ni kukutetea, na nitakutetea mpaka mwisho. Lakini siwezi kupeleka mahakamani kitu ninachojua ni uongo. Na wakili wa serikali naye anaweza kukupa simu."

Nikalia. Nikamweleza yote, na kachanga ka miezi minne. Akaandika kurasa nne. Akasema njia ipo. Akasema sheria inatazama picha ni ya nini, na nia ilikuwa nini, na huyu aliyeikata akaibandikia uchafu ndiye aliyeifanya kuwa bidhaa. Sisi tulikuwa tunatimiza mila, tumemtumia mtu mmoja, ndugu wa damu, mwenye haki ya kumwona. Atapigania hapo. Na mdogo wangu atamwombea kwa wakili wa serikali awe shahidi badala ya mshtakiwa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nikapata pumzi.

Nilipokuwa nainuka nikamwuliza, huyu mshenzi wa Kilwa naye itakuwaje? Akasema kesi yake ipo huko huko, ana wakili wake.

"Ana wakili?" Nilikaa tena. "Mtu yule, anasimama mtu aliyesoma, aliyezaliwa na mama, anamtetea?"

"Anamtetea."

"Wewe ungeweza?"

Akafunika kalamu yake. "Ningepangiwa, ningeweza. Ningehakikisha wamemhukumu kwa alichokifanya, kwa ushahidi, si kwa hasira. Mama, watu wakisikia mashtaka yako bila kukujua, unadhani wanakuona tofauti na yeye?"

Nilitaka kumpiga kofi. Ukweli ndio huo, mkono ulitaka kunyanyuka. Lakini nilikuwa nimepita sokoni asubuhi ile, na mwanamke mmoja ninayemjua alikuwa amemvuta binti yake akamweka upande wa pili wa kanga yake aliponiona. Nikanywea, nikatoka.

Wali wa kufundwa walikoma kuletwa kwangu. Hakuna aliyesema kitu, ila msimu ule wasichana watatu wa Mtawanya waliwekwa ndani na kungwi aliitwa kutoka Ikwiriri. Nikawa napalilia mikorosho yangu, nasikia ngoma upande wa pili wa bonde, nafoka peke yangu na magugu. Na yule mtoto, mwali wangu, ofisa ustawi wa jamii alikuwa amemhamishia kwa mwanamke mmoja hapo mjini mpaka kesi iishe. Mdogo wangu aliruhusiwa kwenda kumwona, mie hapana, kwa kuwa ni mshtakiwa. Nilikuwa namtumia mihogo na machungwa. Nilimhurumia, nikajiambia wote wawili tumetendwa na mtu mmoja.

Kesi ilipokaribia kusikilizwa wakili akaniita. Alikuwa amepewa nakala za maelezo ya mashahidi. Hakukaa nyuma ya meza siku ile, alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mama, kuna maelezo ya mtoto. Nitakusomea sehemu moja."

Akasoma. Nayakumbuka maneno kama yalivyo, kwa sauti yake ya chini: "Nilipoona simu nilitikisa kichwa. Nikaweka mikono kujifunika. Mama mkubwa akanishika mikono akaishusha. Akanibinya. Nikalia. Mama mkubwa akasema mwali halii."

Hili sijalieleza mpaka hapa, na naapa sikulificha: nilikuwa sina kumbukumbu nalo. Kwetu mwali hasemi. Tangu awekwe ndani mpaka atoke, hasemi, anatazama chini, kungwi ndiye mdomo wake. Akitaka maji anagusa kikombe. Na akigoma jambo, kungwi anambinya kidogo kwenye mkono, anatulia, ndivyo na mie nilivyobinywa. Nimebinya mikono ya wali wangapi sijui. Mkono wangu ulifanya peke yake, kichwa hakikuandika. Nilikaa kwenye kile kiti nikaanza kuiona ile siku upya, na kweli, mikono yake ilikuwa imepanda kifuani, na mie nikaishusha. Niliishusha mara mbili.

"Astaghfirullah," nikasema.

Wakili akaweka karatasi chini. Kisha akaniambia kazi yake inamlazimu kunieleza yote. Maelezo yale yanatuumiza, kwa sababu yanavunja utetezi wetu. Hatuwezi kusema ni mila aliyoiridhia wakati mtoto anasema alikataa. Lakini akija mahakamani, yeye ana haki ya kumhoji. "Nitamwuliza ulisema neno lolote? Atasema hapana. Nitamwuliza baada ya kutoka ulimwambia mama, ulimwambia bibi, ulimwambia mwalimu? Atasema hapana. Nitamwuliza siku ya kutolewa ulicheza, ulicheka, kuna watu walikuona? Atasema ndiyo. Ni mtoto wa miaka kumi na minne. Nikiuliza maswali ishirini ya namna hiyo atayumba. Na akiyumba, mama, una nafasi nzuri ya kuachiwa kabisa. Uamuzi ni wako."

"Na nikikataa?"

"Basi nitamfuata wakili wa serikali leo leo, tuombe makubaliano. Ukiri kosa dogo zaidi, ukatili kwa mtoto. Hiyo haina miaka saba. Lakini inaweza kuwa na miezi jela, sikuahidi, na jina litabaki kwenye kumbukumbu. Kungwi mwenye hatia ya ukatili kwa mtoto."

Nilimtazama huyu mtoto wa Umwe. Alikuwa ananiuliza kwa heshima kabisa kama amwinamishe mtoto wangu mbele ya watu, ambwage chini, ili mie nirudi nyumbani safi. Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa sasa hakuna faida ya kujificha: nilifikiri. Si kidogo. Nilifikiri miaka thelathini ya kazi yangu, nikafikiri jela, nikafikiri kwamba yeye ni mtoto, watoto wanasahau. Nilifikiri mpaka wakili akaenda kuninunulia chai, akarudi, nikaikuta imepoa mkononi.

"Usimguse," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nimesema usimguse! Unataka niseme kwa lugha gani?"

Akaandika. Nilimwona anapangusa miwani kwa upindo wa ushungi wake, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Wakili wa serikali alichukua wiki mbili kukubali. Mdogo wangu hakushtakiwa, aliandika maelezo ya kweli, kwamba alishika simu kwa kuwa mie dada yake na kungwi nilimwamuru. Siku ya mahakama chumba kilikuwa na watu wachache, hakimu alifunga mlango kwa sababu ya mtoto. Karani akanisomea shtaka jipya. Nikaulizwa ni kweli au si kweli.

"Ni kweli," nikasema.

Hakimu, mwanamke mtu mzima, akaniuliza kama nimeelewa ninachokikubali. Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia mtoto alikataa, nami nikamshusha mikono. Wakili wangu alikuwa ameniambia nijibu kwa ufupi lakini mdomo wangu haujawahi kusikia la mtu. Nikasema kwamba mie sikujua dunia ina wanunuzi, ila hata wangekuwa hawapo, mtoto alikuwa amekataa. Hakimu akaacha kuandika akanitazama. Kisha akaendelea kuandika.

Alinipa miezi sita, kifungo cha nje. Niende zahanati ya kijiji kila siku kufagia na kupiga deki, ofisa aniandike jina, na nisimcheze mwali mpaka muda uishe. Nilisikia mdogo wangu nyuma anatoa pumzi kwa kwikwi. Wakili akanibana bega. Wakatuambia pia kwamba ya Kilwa ilikwisha kutolewa hukumu wiki ile: miaka saba, bila faini. Ukoo ukasema alhamdulillahi, tukatoka kwenye baraza ya mahakama, watu wanapeana mikono kama wametoka kuswali Idi.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na ofisa ustawi. Amerefuka. Amevaa sare za shule na ushungi mweupe, viatu vimepigwa dawa. Ofisa akaniitikia kwa kichwa kwamba sasa naweza kuongea naye. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nimepanga maneno njia nzima, mazuri. Nikasogea, nikachuchumaa mbele yake, mie na magoti yangu haya, ili nisimtazame kutoka juu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja—"

"Mume wa shangazi kafungwa miaka saba?"

"Ndiyo. Saba yote."

Alihesabu kwa vidole, chini ya ushungi, niliviona vinagusana kimoja kimoja. "Akitoka nitakuwa na ishirini na moja."

"Utakuwa mkubwa, umeshasoma, una kazi yako. Hatakugusa."

"Na ile picha," akasema, "yenyewe itatoka lini kwenye simu za watu?"

Nikageuka kumtafuta wakili, maana yeye ndiye aliyesoma. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, amesikia. Alinitikisia kichwa, polepole. Kumbe alikuwa anajua siku zote kwamba haitoki. Askari naye, pale kwenye ngazi, akatazama pembeni.

Mdomo huu uliowasemea wali wote wa Mtawanya na Dimani ukamwambia, sijui, mwanangu. Akasema, "Haya," akachukua begi lake, akamwambia ofisa kwamba mwalimu alimruhusu mpaka saa tano tu.